Misumari ya shaba ya mlango: kuondoa mafuta ya presi na ya dawa ya kung'arishia kabla ya vanishi

Fundi mmoja wa milango ya nakshi huko Bagamoyo anauliza: "Nanunua misumari ya shaba ya mlango, ile yenye kichwa cha kuba, ikiwa imeshapigwa presi na kulehemiwa mguu wa chuma. Inakuja na mafuta. Naiosha kwa petroli, naing'arisha kwa mota na dawa ya kipande, napangusa kwa kitambaa kikavu, halafu napiga vanishi. Miezi miwili haiishi, vanishi inabanduka kuanzia ukingoni, na chini yake kuna kitu cha kijani kinachonata kama nta. Ni hewa ya bahari au ni mafuta? Na nioshee nini?"

Fundi, ni mafuta. Hewa ya bahari ina sehemu yake, lakini ushahidi umeuandika mwenyewe: kijani kinanata. Kutu ya shaba inayoletwa na chumvi ya bahari ni kavu, ni unga, rangi yake inaelekea kwenye buluu, na ukiikwangua kwa ukucha inapukutika. Kijani kinachonata ni kitu kingine. Mafuta ya wanyama na ya mimea, pamoja na nta zilizomo kwenye dawa ya kung'arishia, yana asidi za mafuta. Asidi hizo zikikaa juu ya shaba polepole zinaishika na kutengeneza aina ya sabuni ya shaba, na sabuni hiyo ndiyo ya kijani. Kwa hiyo mafuta uliyoyaacha yamefanya mambo mawili: yameizuia vanishi isishike, na yenyewe yameanza kuila shaba. Hata ungefanya kazi hiyo Dodoma, kijani kingekuja. Pwani kinakuja mapema tu kwa sababu ya unyevu.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Yanatoka sehemu mbili, na wewe umeosha moja tu. Ya kwanza ni presi. Bati la shaba haliwezi kuvutwa likawa kuba bila kilainishi; likikauka linachanika au linakwaruzika kwenye kalibu. Ya pili ni ile dawa ya kipande ya mota. Dawa hiyo ni unga wa kusugulia uliofungwa pamoja kwa asidi ya steariki (asidi ya mafuta iliyoganda kama nta), nta, au mafuta ya mnyama. Kila unapogusisha msumari kwenye gurudumu, joto linayeyusha mafuta hayo na kuyapaka juu ya shaba uliyokwisha kuiosha. Kitambaa kikavu hakiyaondoi. Kinayatandaza yakawa utando mwembamba unaong'aa, jicho likadhani ni usafi. Kosa lako kubwa liko hapo, si kwenye petroli.

Petroli nayo tuiseme. Inayeyusha mafuta ya injini vizuri sana. Shida ni kwamba vilainishi haviko vya namna moja, na kila namna ina kitu chake kinachoitoa.

Mafuta ya madini, yaani ya injini na ya gia, yanatoka kwa mafuta ya taa, petroli au tina, ile ya kuzimulia rangi. Maji peke yake hayayagusi, na magadi hayayageuzi kuwa sabuni. Kwenye maji yanahitaji sabuni nyingi na kusuguliwa.

Grisi inadanganya zaidi. Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni ya madini ndani yake. Petroli inabeba mafuta, ile sabuni inabaki kama utando mweupe usiouona mpaka shaba ikauke. Utando huo unatolewa kwa mswaki na sabuni, si kwa kuchovya.

Mafuta ya nazi, samli ya ng'ombe, mafuta ya alizeti na nta yote hutumika kwenye presi ndogo. Haya yanalegezwa na joto pamoja na kitu cha magadimagadi. Alizeti ikikaa wiki kadhaa kwenye joto inashikana na kuwa gundi ya njano. Ikifika hapo petroli haifui dafu, na unahitaji asetoni au tina halafu maji ya moto. Mafuta ya nazi hayagandi namna hiyo, na kwa kulegea kwake ni rahisi kuosha.

Yapo pia yale mafuta ya kukatia yanayochanganywa na maji yakawa meupe kama maziwa. Haya yanataka maji ya vuguvugu na sabuni kwanza. Ukianza na petroli, unaondoa sehemu ya mafuta tu, sabuni yake inabaki imeganda juu ya shaba.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayekuuzia ni: unapiga presi kwa mafuta gani? Akijua, umepunguza nusu ya kazi. Asipojua, fuata utaratibu ufuatao ambao unashughulikia aina zote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia mlango mzima.

Anza na mafuta ya taa badala ya petroli. Petroli inawaka kwa mvuke wake, na karakana ya mbao yenye vumbi, mota na jiko la gundi si mahali pake. Weka makopo mawili yenye mifuniko. Kopo la kwanza ni la mafuta ya taa yaliyokwisha kutumika, la pili ni la masafi. Chovya misumari 30 au 40 kwa mara moja kwenye kopo la kwanza kwa dakika 10, sugua ndani ya kuba kwa mswaki wa zamani, kung'uta, kisha hamishia la pili kwa dakika 2. Makopo mawili yana maana yake: kopo moja likishachafuka, kila msumari unaoutoa unatoka na mafuta ya wenzake yaliyoyeyuka, na mafuta ya taa yakikauka utando unabaki. La kwanza likiwa jeusi, liache lilale usiku kucha, mimina taratibu yale ya juu yaliyotulia, na lile la pili ligeuze kuwa la kwanza. Tope la chini usilimwage mchangani. Visima vya mjini kwako si virefu, na kinachomwagwa uani kinarudi kwenye ndoo.

Mafuta ya taa yenyewe yanaacha utando wake, kwa hiyo hayawi hatua ya mwisho kamwe. Mara moja hamia kwenye maji ya moto. Chemsha lita 5, changanya na lita 5 za bomba, na kwa maji ya pwani ambayo yako karibu nyuzi 28 utapata takribani nyuzi 64. Mkono hauvumilii humo, na ndivyo inavyotakiwa. Vaa glavu za mpira. Tia vijiko vinne vya chakula vya sabuni ya unga isiyo na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, pamoja na sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja. Sabuni nyingi za unga zina magadi yaliyosafishwa ndani yake, ndiyo yanayofanya kazi kwenye mafuta ya mnyama na ya mimea. Magadi ya jikoni yanaweza kutumika, gramu 30 kwa lita, lakini mara nyingi yanakuja na chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni usiitie: inashambulia zinki iliyo ndani ya shaba hii ya njano na kuiacha imefubaa.

Loweka dakika 10, si saa nzima. Koroga kwa mkono wenye glavu, sugua ndani kwa mswaki, hasa pale mguu wa chuma ulipolehemiwa.

Hapo kwenye lehemu nikae kidogo, maana ndipo vanishi yako inapoanzia kubanduka. Kati ya risasi ya lehemu na bati la kuba kuna ufa mwembamba kuliko unywele. Mafuta yanajivuta ndani yake na kukaa. Mswaki haufiki, sabuni haifiki. Unang'arisha, unapaka vanishi, unagongomea mlangoni. Siku mlango unapopigwa na jua la alasiri, shaba inapata moto, mafuta yanalegea, yanatambaa kutoka ndani kuja ukingoni, yanaingia chini ya vanishi. Ndiyo maana kwako ukingo unatangulia na kilele cha kuba kinabaki kizima. Dawa yake ni joto kabla ya kuosha: panga misumari miguu ikielekea chini juu ya gunia kuukuu au karatasi zinazonyonya, iweke kwenye oveni ya nyuzi 80 hadi 100 kwa nusu saa. Mafuta yatadondokea kwenye karatasi. Usipandishe zaidi ya hapo. Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na oveni nyingi za nyumbani si za kuaminika. Ikishapoa kiasi cha kushikika, peleka kwenye mafuta ya taa. Ukiweza kumshawishi muuzaji aoshe kuba kabla ya kulehemu miguu, hatua hii yote inakufa.

Suuza. Na hapa Bagamoyo na Tanga mna shida ambayo vitabu vya nchi za maji laini haviitaji: maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa na chumvi. Sabuni ya kipande kwenye maji ya chokaa inatengeneza utando mweupe unaoshika shaba kuliko mafuta yenyewe. Ndiyo sababu nimesema sabuni ya unga na ya vyombo, ambazo haziathiriki sana na chokaa. Suuza mara mbili kwa maji ya bomba, kisha mara ya tatu kwa maji ya mvua uliyokinga. Ndoo moja ya mvua inatosha mlango mzima, maana ni ya kuchovya tu.

Sasa ng'arisha kwenye mota. Ukimaliza, rudia maji ya moto, na safari hii yawe makali zaidi: lita 6 za kuchemka kwa lita 3 za bomba, utapata kama nyuzi 76. Asidi ya steariki inaanza kulainika kwenye nyuzi 55 hivi na kuyeyuka kabisa karibu na 70, kwa hiyo maji ya vuguvugu yanaipitia juu tu. Dakika 5 zinatosha dawa ikiwa bado mbichi. Usiiache ilale mpaka kesho; ikikaa inakauka kwenye mistari na pembe, na kuitoa inabidi usugue mpaka uharibu mng'aro. Osheni ndani ya saa moja baada ya mota.

Utajuaje kama ni safi? Usitumie jicho wala kidole. Tumia maji. Chukua msumari uliosuuzwa vizuri, uchovye kwenye maji ya mvua, unyanyue ukiwa umeinama, uangalie maji yanavyoshuka juu ya kuba. Kama shaba ni safi, maji yanabaki ngozi moja nzima, yamelala juu ya kuba yote bila kukatika, na yanakonda taratibu kuanzia juu. Hesabu mpaka 30. Kama kuna mafuta, kabla hujafika 10 utaona ngozi ya maji ikipasuka mahali, duara kavu likifunguka, na maji yakijikusanya kuwa matone pembeni yake. Duara hilo ndilo lenye mafuta. Mara nyingi utaliona kwenye mzunguko wa chini karibu na ukingo. Rudisha kwenye sabuni.

Jaribio hili lina udanganyifu mmoja. Sabuni iliyobaki juu ya shaba nayo inafanya maji yatandae vizuri, hata juu ya mafuta. Kwa hiyo jaribu baada ya kusuuza mara tatu, tena kwenye bakuli la maji mapya. Jaribu misumari mitatu au minne katika kila fungu, ukichagua iliyokuwa katikati ya rundo, siyo ya juu. Jaribio hili haligharimu kitu, na fundi akilizoea haachi tena kulifanya.

Watu wengi wataniuliza habari za ndimu na ukwaju. Asidi haiondoi mafuta. Inaondoa weusi na kutu ya shaba, tena inafanya hivyo pale tu mafuta yalipokwisha kutoka. Ukiitanguliza utapata mabakamabaka, penye mafuta peusi, pasipo mafuta peupe. Kama misumari imekuja imefubaa, asidi inakaa baada ya sabuni ya kwanza na kabla ya mota. Tumia sitriki asidi gramu 30 kwa lita ya maji ya moto, dakika 5, ukiizidisha shaba inageuka rangi ya waridi kwa sababu zinki ya juu imetoka. Usichanganye na chumvi. Ndimu na chumvi inang'arisha haraka sana jikoni, lakini chumvi inayobaki ndani ya vinyweleo vya shaba itarudi kama madoa ya kijani ya ungaunga. Na misumari yako ina miguu ya chuma: usiitumbukize yote. Chuma kikikaa kwenye asidi yenye shaba iliyoyeyuka, shaba nyekundu inajipaka juu ya chuma na vitu vilivyokigusa, na mguu unaanza kutu kabla haujaona mlango. Paka kuba peke yake kwa sponji, kisha suuza kwa maji yenye kijiko cha magadi, halafu maji safi.

Kitu ambacho nakuomba ukiondoe kabisa karakanani ni amonia. Dawa nyingi za maji za kung'arishia shaba zinayo, na baadhi ya sabuni za vioo pia. Harufu yake ya kuchoma pua inaitambulisha. Shaba ya njano ya kupiga presi kwa kawaida ni karibu asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, mchanganyiko uleule wa maganda ya risasi za bunduki. Jeshi la Uingereza huko India lilipata taabu ya maganda yaliyokuwa yakipasuka yenyewe ghalani majira ya mvua. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza sababu: risasi zilihifadhiwa kwenye mabanda ya farasi, mkojo wa farasi ulitoa amonia, na amonia pamoja na unyevu ilipasua shaba iliyokuwa bado na mkazo wa kuvutwa kwenye kalibu. Kuba zako zina mkazo huohuo. Nyufa nyembamba za kunyooka kutoka ukingoni kwenda juu, bila msumari kupigwa vibaya, ni dalili yake. Wale wanaojaza upya maganda ya risasi za bunduki hadi leo wanaonywa wasioshe maganda kwa amonia, kwa sababu hiyohiyo.

Kutoka kwao kuna jambo lingine la kuazima, kama una misumari mingi na hutaki mswaki kila mmoja: kuzungusha kwenye pipa na magunzi ya mahindi. Magunzi makavu yaliyosagwa ukubwa wa punje ya mchele yananyonya mafuta. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ijazwe nusu hadi theluthi mbili, izungushwe mara 30 hadi 40 kwa dakika kwa saa moja au mbili. Inafaa kwa kuba ambazo hazijalehemiwa miguu. Zenye miguu zinachubuana. Magunzi yakiwa ya kahawia na yanashikana, yatupe, yameshiba. Vumbi lake usilivute, hasa kama kuna risasi ya lehemu. Usitumie maganda ya korosho hata kama yamejaa bure: yana mafuta makali yanayounguza ngozi, utakuwa umeongeza ulichotaka kuondoa. Vumbi la mbao za rangi, kama mninga, nalo linaacha madoa.

Kukausha kufanyike haraka. Pangusa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, kwani hiyo nayo ni mafuta. Tandaza juani kwa dakika 20 au kwenye oveni ya nyuzi 60. Kuanzia hapo hakuna kidole kitupu kinachogusa kuba. Jasho lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole itaonekana chini ya vanishi baada ya wiki chache. Shika mguu, au vaa glavu za pamba.

Vanishi ipigwe siku hiyohiyo, mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu myembamba, si mmoja mzito. Wakati wa masika piga kati ya saa tano na saa tisa mchana, shaba ikiwa na uvuguvugu wa jua. Tina inapokauka inapoza shaba, na kwenye hewa yenye unyevu mvuke unaganda juu yake, vanishi inageuka nyeupe. Ile ya akriliki yenye benzotriazoli, kemikali inayozuia shaba isipate kutu, ndiyo bora kwa shaba, kama duka lako linayo.

Jambo la mwisho kabla ya kugongomea: mlango ukipakwa mafuta ya kitani baada ya misumari kuingia, mafuta hayo yanatambaa chini ya ukingo wa kila kuba, na umerudi ulikoanzia. Paka mbao kwanza, subiri yakauke kabisa, ndipo ugongomee.

Kwa ile milango ambayo imeshabanduka, huna haja ya kung'oa misumari yote. Kata duara la karatasi nzito au bati jembamba lenye tundu la ukubwa wa kuba, livishe kulinda mbao. Toa vanishi kwa tina kwenye kitambaa, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara ili usirudishe uchafu. Kijani kinachonata kikwangue kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu. Malizia kwa kitambaa kipya chenye asetoni, mara mbili, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kwa kuwa huwezi kuosha ufa wa lehemu ukiwa mlangoni, usipake vanishi tena kwenye hiyo. Paka nta ngumu tabaka jembamba, upanguse, na urudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Msumari ambao kijani kitarudi ukingoni ndani ya mwezi, huo ung'oe na uupeleke kwenye oveni.